Nyuki Juu ya Bwana Harusi

Asubuhi ile ya Alhamisi chai ya Anifa ilipoa mbele yake, akachemsha nyingine, nayo ikapoa. Hakuwa na muda nayo. Alikuwa anatazama mistari miwili ya spidi kwenye simu, mmoja wa buluu, mmoja wa njano. Wa buluu ulikuwa juu kabisa, umepaa, unajidai. Wa njano ulikuwa chini yake unatambaa.

Mistari hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi wiki nzima. Anifa ana kampuni ya intaneti pale Isevya, mjini Tabora, ndogo kweli kweli: mnara mmoja juu ya paa la duka la baba yake, fundi mmoja anayeitwa Kulwa, na wateja wa mtaa huohuo. Sasa alitaka kuvuka mpaka Itetemia, pembezoni mwa mji, ambako watu wanajenga kila kukicha na net ya simu inasuasua. Idrisa, muuzaji wa vifaa kutoka Dar, alimpa jozi mbili za redio za nje azijaribu. Kila jozi ni redio mbili: moja unaifunga Isevya, mwenzake Itetemia, zinatazamana, zinarushiana intaneti hewani. Anifa achague jozi moja ya kubaki nayo. Nyingine iwe kwenye basi la Dar Ijumaa.

Na Jumamosi watu wa Itetemia wanakutana uani kwa Bi Sikuzani, penye nguzo ya majaribio, kuamua wajiunge na nani, maana kampuni nyingine nayo imeshapita kule inagawa fulana na kofia. Akichagua vibaya, Itetemia inaenda, na kampuni ile ikishajichimbia kule hakuna wa kuing'oa.

Jozi ya kwanza, yenye mstari wa buluu, ilikuwa nyeupe, mviringo, inang'aa, na mbio zake usiseme. Kulwa aliiita Bwana Harusi. Ya pili ilikuwa ya kizamani kidogo, pana, ya kijivu. Hiyo akaiita Mpagazi, kwa wale wazee wa zamani waliobeba mizigo kwa miguu kutoka hapahapa Tabora mpaka pwani, mdogo mdogo, na mzigo ukafika.

"Unaona?" Anifa alimwekea simu usoni. "Bwana Harusi hana mpinzani."

"Bwana harusi yeyote anapendeza siku ya harusi," Kulwa alisema, anatafuna muhogo wa kuchoma. "Kamuulize mkewe baada ya mwezi."

"Wewe umekulia nyuma ya ng'ombe, ndiyo maana unapenda vinavyojikokota."

"Ng'ombe wa Igunga ndio walionisomesha, bosi. Waheshimu."

Anifa akaangalia simu tena. Mstari wa buluu ulikuwa umeanguka. Haukuanguka kidogo. Ulikuwa sakafuni, umelala chali. Akatoka nje kutazama mbingu: kweupe, hata kawingu hakuna.

"Umeme umekatika Itetemia," alisema.

"Ungekatika, Mpagazi naye angelala. Wote wanakula kwenye soketi moja."

"Basi uliifunga vibaya."

"Niliifunga wewe uko chini unanirekodi. Kaangalie video."

Hakutaka video. Alitaka kufika. Wakapanda pikipiki ya Kulwa, Anifa nyuma, mkono mmoja umeshika shati la Kulwa, mwingine umeinua simu juu ya bega lake, kana kwamba akiitazama sana mstari utaona aibu usimame. Kwenye kila tuta alisema "kimbiza", na kila aliposema Kulwa alipunguza mwendo.

Bi Sikuzani waliyemfungia nguzo uani kwake ni mjane, mama wa watu wazima, na mtaa mzima pale unamsikiliza. Walimkuta amesimama katikati ya ua, kanga begani, anatazama juu huku anatabasamu.

"Zimeni hiyo pikipiki," alisema. "Nina wageni."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Semeni polepole."

Anifa akainua macho. Uso wa Bwana Harusi haukuonekana. Palikuwa na donge la kahawia, kubwa kama kikapu, linaning'inia kama ndevu, na ndevu zenyewe zinatembea. Nyuki. Kundi zima. Mlio wao ulimfika mpaka kwenye meno.

"Wamekuja nikiwa nakanda unga," Bi Sikuzani alisema. "Wamezunguka ua wote, wameacha mti, wameacha paa, wamechagua kile cheupe."

"Mama, tuwapige moshi kidogo. Kidogo tu."

Bi Sikuzani aligeuka taratibu. "Marehemu mume wangu alitundika mizinga porini Sikonge miaka yote ya ndoa yetu. Anaweka nta, anasubiri. Mingine hakuingia hata nyuki mmoja. Leo wamekuja kwangu wenyewe, hawakuitwa, halafu mimi niwafukuze kwa ajili ya sahani?"

Kulwa alijifanya anakohoa.

"Basi majaribio yameharibika," Anifa alisema. "Hili siyo kosa la redio."

"Kosa la nani sijui," Kulwa alisema. "Huyu anataka njia nyeupe kabisa mbele yake. Mvua kubwa tu inamsumbua, sasa amefunikwa uso. Mwenzake anapenyeza hivyohivyo. Na nyuki Tabora hii utawamaliza?"

 Anifa alizunguka ua, akarudi, akazunguka tena. Jana usiku alikuwa ameshaposti spidi ya Bwana Harusi kwenye status, na watu wa Itetemia wameshaijibu kwa vidole gumba na moto. Alikuwa ameshajiona mshindi. Barazani, Leonia, jirani wa Bi Sikuzani anayeshona nguo hapo, alikuwa ameegemeza simu kwenye cherehani, anatazama video ya mishono.

"Leonia," Anifa alimuuliza, "net imekukatikia tangu saa ngapi?"

"Net ipi?"

"Hii ya kwetu ya majaribio."

Leonia aliitazama simu yake, akamtazama Anifa. "Haijakatika. Kwani imekatika?"

Bwana Harusi alipozimika, Mpagazi alikuwa amebeba mzigo wote peke yake, na barazani pale hakuna aliyejua.  Jibu la Leonia lilimuuma Anifa, kwa sababu alikuwa anaomba aambiwe imekatika, apate sababu ya kumng'ang'ania Bwana Harusi.

"Tunabaki na Mpagazi," alisema mwishowe.

"Umeongea, bosi." Kulwa alichukua ngazi akaiegemeza kwenye nguzo. "Nimshushe huyu mwingine akalale kwenye boksi." Akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Akatazama juu. Akautoa mguu. "Bosi. Anayetakiwa kushuka ndiye mwenye nyuki."

Anifa akampigia Idrisa palepale, akamweleza.

"Nyuki," Idrisa alisema kutoka Dar. "Dada Anifa, nimeshaambiwa radi, nimeshaambiwa panya, nimeshaambiwa shemeji. Ya nyuki ni mpya. Mimi nataka jozi moja kesho. Jozi yoyote, sichagui, ila iwe kamili." Akakata.

Jozi yoyote. Maneno hayo yalimtembea Anifa kichwani mpaka Isevya na hayakumwacha alale. Mpagazi alikuwa hana nyuki. Kumshusha ni dakika chache, wala hakuna atakayekasirika. Nyuki wataondoka siku yoyote, Bwana Harusi atafunua uso, na ile spidi ya kwenye status itakuwa ya kweli. Lakini Jumamosi je? Watu watakaa pale uani bila net, wanatazama nyuki. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akawasha simu. Mstari wa njano ulikuwa palepale, unatambaa.

Ijumaa nyuki hawakuwa wameondoka. Anifa akamwambia Kulwa apande mnara wa Isevya amshushe yule Bwana Harusi wa upande wa kwao, ambaye hakuwa na mgeni yeyote. Wakamfunga kwenye boksi, wakampeleka stendi. Basi lilipoondoka Anifa akamwandikia Idrisa: "Nusu imepanda basi. Nusu nyingine ina wenyewe, wakiihama nakutumia." Zikaanza kuingia meseji za sauti za Idrisa, moja baada ya nyingine. Hakuzifungua hata moja.

Jumamosi ua wa Bi Sikuzani ulijaa. Wamekaa mbali kidogo na nguzo, wengine kwenye mkeka, wengine kwenye mabenchi. Wawili walikuwa wamevaa kofia mpya za kampuni ile nyingine. Anifa alisimama, miguu haitulii, akaanza kueleza, na Leonia akamkata.

"Samahani dada. Kwenye status ulituonyesha yenye mbio. Leo unatuletea ya polepole?"

"Yenye mbio ndiyo ile pale." Anifa alionyesha donge la nyuki. "Imezimika tangu juzi. Nani aliona net ikikatika?"

Watu wakatazamana, hakuna aliyeinua mkono. Mtu mmoja akacheka. Hapo simu ikaanza kuita. Idrisa, tena kwa video. Angeikata, ila watu wote walikuwa wanaitazama mkononi mwake.

Akapokea.

"Nusu," Idrisa alisema, uso umejaa kioo, kila nywele ya ndevu inaonekana. "Umenitumia nusu. Mimi nusu nimuuzie nani, dada?"

Bi Sikuzani akanyoosha mkono, akaichukua simu. "Nani huyo anafoka mbele za watu?"

Uso wa Idrisa ulilegea. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye sahani?" Akaigeuza simu kuelekea juu ya nguzo, akaiacha hapo Idrisa ashibe. "Hao ndio wamekaa. Unawasikia?"

"Nawasikia mama. Na nawaona. Hee, ni wengi."

"Wakiondoka nitakupigia mimi mwenyewe. Una haraka gani, kwani unawadai?"

"Hapana mama. Mimi nauza redio tu."

"Basi uza nyingine. Hii usubiri."

Idrisa akacheka kama mtu aliyechoka. "Sawa mama. Mpaka waondoke."

Bi Sikuzani hakukata. Aliwageuzia watu simu. "Huyu yuko Dar. Mnamwona vizuri?"

Wakasogea. Mmoja wa wale wenye kofia akainama, akampungia Idrisa mkono, na kule Dar Idrisa naye akampungia papo hapo. Mwenye kofia akatazama redio ya kijivu juu ya nguzo, akatazama tena simu.

"Hii ndiyo hiyo ya polepole?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo," Kulwa alisema.

Leonia alikuwa ameshamshika Anifa kiwiko, anamvuta pembeni. "Kwangu mnafunga lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ni mbali. Kesho mna kazi gani?"