Mihogo Juu ya Kaburi

Emérite alizima cherehani dukani kwake Rosettenville, jijini Johannesburg, akapokea simu ya video ya mdogo wake, Jean-Claude, aliyekuwa kijijini kwao Burundi.

"Dada, majirani wamesimama hapa shambani. Sema tu umeniachia shamba la mama, wasikie."

"Geuza simu nilione."

Aligeuza harakaharaka, lakini Emérite aliona. Mihogo ilikuwa imepandwa mpaka juu ya kaburi la mama yao, na msalaba umeegemezwa kwenye zizi la mbuzi.

"Umemlima mama?"

"Ardhi hailali, dada. Na wewe umeolewa, una Johannesburg yako."

"Johannesburg yangu! Hapa kila siku naambiwa nirudi kwetu. Kwetu ndiko huko unakokanyaga, mshenzi wewe! Majirani, mnanisikia?"

"Tunakusikia, binti yetu," akajibu mzee mmoja.

"Basi sijamwachia hata tuta moja. Na msalaba urudi mahali pake sasa hivi, mbele yenu, naangalia."

Mzee akaichukua simu, akaielekeza kaburini. Jean-Claude aling'oa mihogo shina kwa shina, jasho likimtiririka, na dada yake hakumpa hata pole ya kazi.