Sensa ya Gurudumu la Nyuma Kushoto

Usiku wa jana nililala na hasira, nikaota ni mchana kweupe na niko gereji, chali chini ya pikapu ya zahanati.

Sensa ya spidi ya gurudumu la nyuma kushoto inanitazama. Imekunja uso. Sikujua kwamba sensa zina uso.

"Wewe ndiye msomi?" inauliza.

"Nina cheti cha ufundi magari."

"Taa ya ABS, ile ya breki zinazozuia matairi kukwama, iliwaka wiki nzima. Unajua kwa nini?"

"Ulikuwa unaomba msaada. Umegandwa na chenga za chuma, huwezi kuhesabu mizunguko ya gurudumu."

"Na mmenifanyia nini?"

Bosi wangu, Fundi Mgaya, alikata tepu nyeusi, akaiziba ile taa kwenye dashibodi, kisha akamwambia Mama Chaula pikapu imepona. Mama Chaula ni mkunga na ndiye anayeiendesha. Kukicha atashuka nayo mlima wa utelezi, amempakia mjamzito. Nilisimama pale na spana mkononi. Sikusema neno.

Fundi Mgaya anaingia akisukuma mviringo wa tepu mkubwa kama tairi la lori.

"Kisichoonekana hakijaharibika," anasema. "Ndivyo tunavyofanya kazi hapa."

Mvua inavuja kwenye bati. Anaibandika tepu, mvua nzima inakoma. Mjamzito anaingia na tumbo lake. Fundi anamzungushia tepu tumboni.

"Tayari, dada. Umeshajifungua."

"Mbona anapiga teke, Fundi?"

"Hilo teke nalo tutaliziba."

Gereji inainama, sasa ni mlima. Tope limejaa, nasi sote tunateleza tukiwa tumesimama wima, kwa heshima. Katikati ya barabara, kompyuta ya breki imekaa mezani na miwani yake.

"Gurudumu la nyuma kushoto, unazunguka?"

"Sijui," sensa inajibu.

"Basi nazima mfumo wote. Mmoja asiponijibu, matairi yakikwama kwenye utelezi siyaachii. Ndiyo sheria."

Inavua miwani, inalala. Mjamzito anatupita kwa kasi, amekumbatia tumbo lenye tepu.

"Fundi, bandua hiyo tepu!"

"Kijana, gereji ni yangu. Wateja wanapenda dashibodi safi."

"Wanapenda kufika. Wewe unaua watu, na mimi nilikuwa nakushikia spana."

Hata tope linasimama.

"Umechelewa kusema," sensa inaniambia, "ila umesema. Lete mkono. Ndani yangu kuna sumaku, nikupe kidogo."

Nikaipa mkono. Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Mama Chaula alikuwa mlangoni mwa gereji, ninamolala, na buti zake za mvua.

"Mwanangu, nipe ufunguo wa pikapu. Mgonjwa ananingoja."

Nikauchukua mezani, nikageuza kiganja ili udondokee mkononi mwake. Haukudondoka. Nikakung'uta. Ukabaki umeninata.

"Mama, breki hazijapona. Taa imezibwa kwa tepu tu. Nipe saa moja nisafishe sensa."

"Mgaya ameniambia imepona."

"Amekudanganya. Na mimi nilinyamaza."

Alinitazama kwa hasira niliyostahili. Kisha akaushika ufunguo kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu za mtu aliyezoea kuvuta watoto. Haukutoka.

Akaupindua mkono wangu, akaukagua pande zote.

"Jeki iko wapi?" akauliza, akiigeukia pikapu.