Ufunguo Uko kwa Aliyekaa

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi, na asubuhi ile feni ilipuliza upande mmoja tu, ule wa mlango wa mkurugenzi. Fundi wa programu alikuwa ameketi mezani kwake karibu na dirisha, ufunguo mdogo mwekundu kaufumbata kwa mkono wa kushoto, akiandika kwa mkono wa kulia. Kengele ikalia. Akainuka kwenda kuitika, na papo hapo akabaki amekaa.

Hakuna aliyegeuka kutazama. Aliyeinuka alisukuma mlango wa mkurugenzi akaingia. Aliyekaa alibaki vilevile, kidole juu ya kibonye, mdomo wazi kidogo, maana alikuwa na tabia ya kujisomea anachoandika. Mama wa chai alimpitia nyuma na trei yake. "Kiti kinaziba njia hiki," alisema, akakizunguka.

Mambo haya yalianza mkurugenzi aliponunua ile kengele. Kabla ya hapo aliita watu kwa kupayuka, kama anayefukuza kuku, akaona haimpi hadhi. Ikatangazwa sheria: kengele ikilia unakwenda hapo hapo, hata kama uko katikati ya neno. Mtu hawezi kuliacha neno katikati na akaenda mzima mzima, kwa hiyo watu wakaanza kujiacha. Anayeitwa anakwenda, anayebaki anaganda na chochote kilichokuwa mkononi mwake. Mkurugenzi akishasema "Nenda", unarudi, unaketi ndani yako mwenyewe, unamalizia neno. Kobe, jirani wa fundi kwenye meza ya pili, aliyelipata jina hilo kwa mwendo wake, aliwahi kujiacha akinywa maji. Alirudi baada ya kikao kirefu, akameza. Alisema yalikuwa bado baridi.

Mkurugenzi alipendezwa mno. Wageni wakija wanakuta nusu ya ofisi imeganda mezani, naye anawaonyesha kwa mkono: "Watu wangu hawanyanyuki." Alikuwa mtu asiyejua tofauti kati ya kufanya kazi na kuonekana ofisini, na hakuna aliyewahi kumwajibisha kwa kutojua huko. Badala yake walimwongezea zulia.

Ofisi hii ilitengeneza kiini cha mashine za kupumulia, zile za wodini. Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya programu, inayoamua nini kifanyike na lini. Kinapoandika kumbukumbu ya pumzi za mgonjwa, hufunga kufuli ili kazi nyingine isije ikaivuruga. Sasa, king'ora cha mashine kikilia katikati ya kuandika, kila kitu huachwa kilipo ili king'ora kihudumiwe, na king'ora nacho kinataka kuandika katika kumbukumbu ileile. Kinakuta kufuli. Aliyelifunga ameganda nyuma, hawezi kulifungua mpaka king'ora kimalize, na king'ora hakiwezi kumaliza mpaka kufuli lifunguliwe. Wanangojana, na hewa inasimama.

Dawa yake ni ndogo. Unaziba king'ora kwanza, ndipo unafunga kufuli na kuandika; ukishalifungua, unakizibua. Fundi alikuwa ameuweka mstari huo tangu mwanzo. Mkurugenzi aliuondoa, kwa sababu siku ya maonyesho king'ora kilichelewa muda wa kufumba na kufumbua, na mnunuzi mmoja akainua nyusi.

"Mashine isiyosikia nani atainunua?" alisema, na kikao kizima kikatikisa vichwa kuafiki, maana ndiyo kazi pekee ambayo vichwa vile viliwahi kufanya.

Mama yake fundi alikuwa amelazwa, na mashine aliyopumulia ilikuwa mojawapo ya hizo. Jana yake ilisimama, nesi akaizima na kuiwasha, ikaendelea. Ndiyo maana asubuhi ile fundi aliuchukua ufunguo mwekundu bila kumwomba mtu ruhusa. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na asiyekuwa nao hakuweza kuingiza badiliko lolote kwenye kiini, wasije watu wawili wakachezea kazi moja. Badiliko likishaingia, mashine zote za wodini hulipokea zenyewe. Ule mstari aliokuwa akiurudisha ulikuwa umebakiza herufi chache.

"Bibie," alisema mkurugenzi bila kuinua macho, fundi alipofika mbele ya meza yake, "yale maandishi ya kwenye kioo cha mashine, mnunuzi anayataka ya kijani. Yaingize sasa hivi, hapa hapa, kabla hujatoka."

"Ufunguo uko mezani kwangu, mkurugenzi. Niruhusu nirudi nimalizie nilichokuwa nafanya, halafu nikuletee."

"Kwani umekuja au hujaja?"

"Nimekuja. Ufunguo uko kwa aliyekaa."

"Basi aulete."

"Hawezi kusogea mpaka nirudi."

"Na wewe huondoki mpaka kazi yangu iishe. Nikikuachia kabla, hii kengele niliinunua ya nini?"

Fundi alijaribu kugeuka. Miguu haikumsikia, kwani aliyeitika hatoki bila neno la kuachiwa. Kobe akatumwa akaufumbue mkono wa aliyekaa. Alivuta kidole gumba, akavuta kidole cha mwisho, akaleta sabuni, akaleta bisibisi. Ulikuwa mgumu kama sakafu. Akarudi kusema haufunguki.

"Mwambieni aache ukaidi," alisema mkurugenzi.

Simu ya fundi ikatetemeka mezani, mbele ya aliyekaa. Mama wa chai aliliona jina la mpigaji, akaichukua simu na kuipeleka ndani. Alikuwa mdogo wake fundi, kutoka wodini.

"Dada, imesimama tena. Hewa haiingii. Nesi namwita haji."

"Izime uiwashe. Kibonye kiko nyuma, chini, upande wa ukutani."

"Mkono haufiki, dada."

"Vuta kitanda."

"Nakivuta! Kizito!"

Fundi alianza kulia. Aliyekaa kule nje hakulia. "Mkurugenzi, mama yangu hapumui," alisema. "Nakuomba, niachie. Niachie tu."

"Pole sana," alisema mkurugenzi, na uso wake ulionyesha huruma ya mtu anayesubiri foleni isogee. "Lakini nani anakuzuia? Ni rangi ya kijani tu. Na simu humu ndani haziruhusiwi, unajua."

Kwenye simu kitanda kilisikika kikikwaruza sakafu, kisha mlio wa mashine kuamka.

"Imewaka, dada," alisema mdogo wake. Akasikika akimwita mama. "Imewaka, lakini mama hapana."

Kwenye maziko Kobe alikwenda, mama wa chai alikwenda, hata muuza rangi wa chini alikwenda. Fundi alibaki amesimama mbele ya meza ya mkurugenzi na amekaa mbele ya yake. Mkurugenzi alilalamika kwamba anamzibia dirisha.

Siku chache baadaye mdogo wake alipanda ngazi hadi ofisini.

"Nimekuja kumchukua dada yangu."

"Yupi?" aliuliza mkurugenzi, na swali lilikuwa halali.

"Wote."

"Wako kazini." Alimshika bega akamtoa nje hadi kwenye meza ya dirishani. "Ile hitilafu ya mashine isikusumbue. Huyu hapa ndiye anayeishughulikia. Tangu siku ile hajainuka."

Ilikuwa kweli. Mdogo mtu alimtazama dada yake aliyekaa, akagusa ule mkono uliofumbata, akarudi ndani kwa aliyesimama.

"Tumeshamzika, dada."

"Nimesikia," alisema fundi.

Mdogo wake akamgeukia mkurugenzi. "Kitanda cha mama kimepata mtu mwingine. Baba wa watu, ana watoto wadogo. Mashine ni ileile."

"Unaona?" alisema mkurugenzi kwa furaha. "Kumbe bado inafanya kazi."

Akampa mkono wa kumuaga, akaketi, akasikia kiu, akabonyeza kengele. Mama wa chai aliingia mara moja, mikono mitupu. Trei ilikuwa imebaki kwenye ngazi, mikononi mwake, na vikombe juu yake vikifuka moshi.

"Chai iko wapi?" aliuliza mkurugenzi.