Vidole vya Teodora

Shirika alilochapia barua lilipouzwa, wachapaji wakapunguzwa kazi, Teodora wa Igogo aliomba kazi kwingine akidanganya kwamba kompyuta anaijua. Kwani si taipureta tu yenye kioo? Kiwanda cha minofu ya sangara kule Nyakato kikamwita kwenye majaribio, akapewa barua ainakili. Akaipiga kwa vidole kumi, macho kwenye karatasi, kama alivyofundishwa. Mchapaji gani wa maana anachungulia mashine? Hakukosea hata herufi moja, Mungu shahidi. Alipoweka nukta ya mwisho, akainua macho. Kioo kilikuwa cheusi tii.

“Mama,” kijana msimamizi alisema kwa upole uliouma kuliko tusi, “hujaiwasha.”

“Basi naanza upya!”

Akaipapasa mbele, ubavuni, nyuma. Hakujua inawashiwa wapi.