Mazoezi ya Kiasi

Mzunguko wa kumi na nne Kibonge aliuhesabu kwa sauti, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeanza kumchanganya. Alivaa masweta mawili, na juu yake koti la mvua alilolishona mwenyewe kwa nailoni, zipu imepandishwa hadi kidevuni. Ukuta wa shule ya msingi ulikuwa kushoto kwake, mtaro kulia, na saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa bado kugonga. Kila alipofika kwenye lango la shule alipanda ngazi zake na kushuka mara tano, kisha akaendelea. Mama mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya duka lake alimwambia apunguze, asije akaangukia hapo akamwachia kesi. Kibonge alicheka bila sauti. Pumzi ya kucheka ilikuwa na kazi nyingine.

Jina la Kibonge alipewa akiwa na miaka sita, na tangu hapo hakuna aliyelipinga, hata mizani. Alikuwa fundi cherehani. Miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile kuanzia asubuhi hadi jioni, akishona akiwa amekaa, akila akiwa amekaa, akigombana na wateja akiwa amekaa. Mwili wake ulifanya unavyofanya mwili wa mtu wa namna hiyo, wala hakuwahi kuuonea haya.

Lakini miezi mitatu iliyopita hospitali ilimpima ikamwambia mambo mawili. La kwanza, figo zake ni nzima na damu yake inakubaliana na ya dada yake. La pili, ana kilo tisini na saba, na pale hawampasui mtoaji wa figo aliyezidi themanini na tano. Apunguze, arudi.

Dada yake ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, dada alikuwa na miaka kumi na saba na yeye saba, na Kibonge alijua kutia uzi kwenye sindano kabla hajajua kusoma vizuri, kwa sababu dada alishona na alihitaji macho ya mtu wa pili. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu dada huyo anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki. Daktari aliwaambia waziwazi, wote wawili wakiwa wamekaa mbele yake, kwamba moyo wa mgonjwa umeanza kuchoka. Kama figo ipo, alisema, iingie kikao hiki. Kwa kikao kinachofuata hakuweza kuahidi kitu.

Kikao chenyewe ni cha jopo la madaktari wanaoidhinisha upasuaji, na hukaa mara moja kila baada ya miezi mitatu. Siku ilikuwa leo, saa nane mchana. Asubuhi hii Kibonge alitakiwa kupimwa mara ya mwisho: uzito, damu na mkojo. Ndiyo maana alikuwa akikimbia.

Siku ile ya kwanza alimuuliza nesi afanye mazoezi gani. Nje ya mlango kulikuwa na foleni ya watu wasiopungua arobaini. Nesi akaandika kwenye kipande cha karatasi: mazoezi ya kiasi. Kibonge akauliza kiasi gani.

"Kiasi tu, kaka yangu. Ya kawaida," nesi akasema, akamwita anayefuata.

Fundi hawezi kuishi na neno kama hilo. Mteja akija akitaka gauni liwe pana kiasi, fundi huchukua futi akampima, maana kiasi cha mteja na cha fundi vikipishana, gauni hurudi na mwenyewe amenuna. Kwa hiyo Kibonge akaenda kutafuta vipimo kwa watu. Jirani yake, mwanajeshi mstaafu, alimwambia saa mbili kila siku, pungufu ya hapo ni kujidanganya. Mteja wake mmoja, mwalimu wa michezo, alisema nusu saa, siku tano kwa wiki, mwendo wa kumwezesha kuongea lakini si kuimba, na siku mbili apumzike. Mkewe alisema kiasi ni pale mtu anaporudi akaweza kufanya kazi bila kusinzia akajishona kidole.

Alianza na nusu saa ya mwalimu. Mwezi wa kwanza kilo tano zikaondoka bila ubishi, wa pili zikaondoka nne. Alipunguza kiuno cha suruali yake mara mbili, na mkewe akamtania kwamba sasa atalazimika kumtambulisha upya kwa ndugu. Halafu uzito ukagoma. Wiki mbili nzima mizani ya duka la dawa ilisema themanini na nane, themanini na nane. Mwalimu wa michezo alimwambia hiyo ni kawaida, mwili hutulia kidogo kabla ya kushuka tena, avumilie, asiongeze.

Lakini mwalimu wa michezo hakuwa na dada kwenye mashine. Kibonge aliongeza. Nusu saa ikawa saa nzima, saa ikawa mbili, asubuhi mbili na jioni mbili, na siku za kupumzika akazifuta. Magoti yakavimba, akayafunga kwa vipande vya bitana akaendelea. Kazini alisinzia, kola ya shati la mtu ikaingia ndani nje, akaifumua na kuishona upya huku akiomba radhi. Na tangu jana mchana hakuwa amekunywa maji, ili mizani isije ikamwonea.

Mizani haikumwonea. Saa mbili asubuhi, kwenye chumba kilekile cha nesi yuleyule, ilisema themanini na nne na nusu. Nesi alisoma mara mbili, akampa mkono kabisa, akasema amejitahidi, wengi hawafiki. Kibonge alihisi machozi yanamjia, akajifanya anasoma tangazo ukutani. Kisha akatolewa damu, na akapewa kikopo. Mkojo ulikuwa mchache, rangi yake kama chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Hakuwaza lolote. Alikuwa na furaha.

Alipita kumwona dada yake kwenye chumba cha mashine. Dada alikuwa amevaa blauzi aliyoshonewa na Kibonge, yenye vifungo kando ya mkono wa kushoto kuanzia begani hadi kiwikoni, ili mipira ya damu ipite bila kumvua nguo mbele za watu. Dada alimtazama juu hadi chini akamuuliza kama wamtafutie jina jingine, maana hili sasa ni uongo. Kibonge akamjibu kwamba ataliacha kwenye meza ya upasuaji pamoja na figo. Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akacheka. Dada hakucheka muda mrefu. Alimshika kidole kimoja, akakishikilia.

Saa tano mpimaji wa maabara alitoka mwenyewe hadi kwenye benchi la wanaosubiri, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Akakaa kando yake.

"Leo asubuhi ulifanya nini kabla hujaja?"

"Nilikimbia."

"Kiasi gani?"

Kwa miezi mitatu hospitali ile haikuwahi kumuuliza swali hilo. Kibonge akajibu kwa fahari kidogo. "Masaa mawili kasoro. Na ngazi. Sijapumzika hata siku moja wiki tatu hizi."

Mpimaji alishusha pumzi. Akamweleza taratibu kwamba kwenye mkojo wake kumeonekana protini, na chembe za damu, na kwamba uchafu ambao figo hutakiwa kuutoa umepanda kwenye damu. Kwa karatasi hii, alisema, unaonekana mtu mwenye figo mbovu.

"Lakini si ugonjwa, nadhani. Mtu akijikimbiza hivyo, tena bila maji, figo hulalamika. Pumzika siku mbili, unywe maji vizuri, tukupime tena. Naamini itakuwa safi." Kisha akauliza, "Hakuna aliyekuambia usifanye mazoezi makali kabla ya kipimo?"

"Niliambiwa kiasi," Kibonge akasema.

Karatasi ya kupimwa upya hutolewa na karani wa jopo, mwisho wa korido, kwenye dirisha lenye kitundu cha kupitishia mkono. Karani alisikiliza maelezo yote huku akipanga mafaili. Hakuwa mkali. Alisema majibu yakishaingia kwenye faili yameingia, na karatasi ya kipimo ni moja kwa kila kikao. Kibonge akamweleza habari ya siku mbili. Karani akasema siku mbili kuanzia leo ni keshokutwa, na kikao ni saa nane. Kibonge akaomba kumwona daktari. Daktari, karani akasema, yuko kwenye maandalizi ya kikao. Na baada ya kikao? Baada ya kikao uamuzi umeshatoka, aone nini tena.

Kisha akapitisha fomu kwenye kitundu, na kalamu juu yake. Ilikuwa na visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa, Mtoaji amefaa. Cha pili, Mtoaji amejiondoa kwa hiari. Karani alikuwa ameshatia alama kwenye cha pili.

"Mimi sijajiondoa," Kibonge akasema.

"Hakuna kisanduku kingine, mzee wangu. Fomu imetoka juu ikiwa hivyo."

"Na dada yangu?"

"Atarudi kwenye orodha ya wasio na mtoaji. Ukitaka kuanza upya, unaanza upya. Unapimwa kila kitu upya."

Kibonge aliisoma fomu hadi chini, na maandishi madogo, na namba ya fomu pembeni. Aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni. Kila walichomwambia alikuwa amekifanya, kisha akaongeza, na hiyo nyongeza ndiyo iliyoharibu. Alimkasirikia yule mpumbavu wa masweta mawili kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu. Halafu hasira ikahama. Watu hawa walikuwa na mizani ya kusoma hadi nusu kilo, na vipimo vya kuona chembe ya damu isiyoonekana kwa macho, na walipotakiwa kumwambia mtu atembee dakika ngapi waliandika kiasi. Akairudisha kalamu kwenye kitundu.

"Usiposaini, faili halifungwi," karani akasema.

"Basi lisifungwe."

Akarudi kwenye benchi lililokuwa mbele ya mlango wa kikao, akakaa. Magoti yalikuwa yakiwaka moto. Alipanga maneno ya kumwambia dada, akayapangua, akayapanga tena, na kila namna aliyoyapanga mwisho wake ulikuwa uleule: kusubiri miezi mitatu mingine.

Dada alikuja saa saba na robo, akitembea kwa kushika ukuta, pamba imefungwa mkononi, mkoba begani. Alimwangalia usoni mara moja tu.

"Wamesemaje?"

Akamwambia. Hakuficha kitu: masaa, ngazi, maji aliyojinyima, protini, visanduku. Dada alisikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza, Kibonge aliogopa kuinua macho.

"Mimi nilikuwa naogopa utachoka, uache," dada akasema. "Kila siku nilikuwa naogopa hilo. Sikufikiria kuogopa hili."

"Nisamehe, dada."

"Sogea."

Akasogea, dada akakaa. Madaktari wa jopo walipita mmoja mmoja kuingia kikaoni. Daktari wao alikuwa wa mwisho, anasoma kitu huku anatembea; aliwaitikia salamu bila kuwaona. Kibonge alinyanyuka, mlango ukawa umeshafungwa. Karani akatoka na fomu ileile mkononi. Aliwaambia kwa adabu kwamba muda wa wagonjwa wa nje umekwisha na korido inatakiwa iwe wazi. Kibonge akakaa tena kwenye benchi. Karani akaongeza kwamba atalazimika kumwita mlinzi.

"Mwite," dada akasema. "Huyu maabara yenu imemwambia apumzike siku mbili na anywe maji. Anapumzika. Keshokutwa asubuhi atanyanyuka hapa, mtampima."

"Mama, hospitali haifanyi kazi hivyo."

Dada alifungua mkoba akatoa chupa ndogo ya maji, iliyochorwa mistari ya kalamu kuanzia juu hadi chini, na saa imeandikwa kando ya kila mstari. Ilikuwa bado imejaa. Akampa mdogo wake.

"Kunywa."

"Hayo ni yako ya leo."

"Nusu lita kwa siku. Wamenipimia hadi kijiko, nikizidisha wananigombeza kama mtoto," dada akasema, na sasa alikuwa akimtazama karani, kisha akamgeukia mdogo wake. "Wewe ndiye hawakukupimia. Kunywa."

Kibonge akafungua kifuniko. Alikunywa mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila haraka, hadi wa mwisho, karani akiwa amesimama mbele yao na fomu isiyo na sahihi.