Makohozi ya Komadre

Mimi si mtu wa kupamba maneno, nitalisema kama lilivyokuwa. Jiko letu la kina mama, huku juu kabisa kwenye vilima vya Lima ambako maji huletwa na lori, lilikuwa likilisha nusu ya mtaa. Tulimenya viazi pamoja, tuliosha vyombo kwa zamu, lakini mwiko mkubwa alikuwa nao Eudocia, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Supu yake ya ngano ilikuwa inakusahaulisha ule ukungu wa Julai unaoingia mpaka kwenye magodoro. Mwaka ule akaanza kukohoa. Akakohoa mwezi mzima, nasi tukasema ni moshi wa kuni.

Sista Irma, nesi wa kituo cha afya, hakutaka habari za moshi. Sheria kwake ilikuwa moja: anayekohoa zaidi ya wiki mbili ateme makohozi kwenye kikopo, awe mpishi, awe askofu. Akampa Eudocia kikopo chenye jina lake, akamwambia akirudishe kesho yake asubuhi.

Eudocia hakuwa anaogopa kufa, bibi yule. Alichoogopa ni maneno yaliyokuwa yakizunguka mtaani, kwamba mpishi akikutwa na kifua kikuu jiko linafungwa na mchele wa serikali unakatwa. Nani aliyeyaanzisha sijui. Kilima kizima kiliyaamini, na hakuna aliyemwuliza nesi kama ni kweli.

Basi akakichukua kikopo akaenda nacho kwa Nélida. Nélida alikuwa bado binti, mcheshi, mashavu yamejaa, anapanda ngazi za kilima na ndoo mbili za maji huku anaimba. Eudocia ndiye aliyemsimamia mwanawe Yamir ubatizo, na tangu siku ile wakaitana komadre. Kwetu komadre akikuomba jambo humwambii hapana, hata dada wa tumbo moja unaweza kumkatalia lakini si yeye. Yamir mwenyewe hakuwa ametimiza mwaka. Mnene, anamchekea kila mtu, mchana kutwa anapokezanwa kati ya mama yake na mama yake wa ubatizo.

"Komadre, nitemee wewe," Eudocia alimwambia. "Wewe una mapafu ya farasi."

Nélida akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema sista atastaajabu kuona kikongwe ana makohozi ya mwanamwali. Kisha akatema. Kikohozi kidogo cha asubuhi alikuwa nacho, lakini kwa baridi ile, nani kilimani kwetu hakuwa nacho?

Majibu yakarudi. Makohozi yalikuwa na TB.

Sista Irma alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwa Eudocia, akamweleza taratibu. Dawa ni bure, atazimeza kituoni mbele ya sista, matibabu yatachukua miezi sita. Tena wote anaoishi nao na anaoshinda nao wapimwe, watoto wadogo kwanza, maana mtoto mchanga ugonjwa huu humpanda kichwani ukammaliza upesi. Akamwuliza, unaishi na nani, unashinda na nani? Eudocia akamtaja mumewe, basi. Angelitaja jiko, lingefungwa. Angemtaja Yamir, wangemfuata mpaka jikoni. Ndivyo alivyopiga hesabu zake yule mama, na hesabu zenyewe zilikuwa za ovyo.

Jioni ile alimwendea Nélida akamwambia bila kuzunguka kwamba mgonjwa ni yeye Nélida. Nélida alikataa katakata. Alisema kituo kimechanganya vikopo. Kisha akaketi kitandani akalia. Siku mbili za wiki alikuwa akimtunza ajuza mmoja kule Miraflores, mtaa wa matajiri, na wakisikia tu watamtimua. Na hapo nyumbani kulikuwa na mumewe, na mama mkwe mwenye ulimi kama wembe, aliyekuwa akisema kifua kikuu ni ugonjwa wa wanawake wachafu.

"Basi mpeleke Yamir akapimwe," Eudocia alisema.

"Nikaseme nini? Kwamba nani anaumwa?"

"Sema mimi."

"Nikisema wewe watakuja jikoni, komadre."

Wakaliacha hapo hapo. Nikilikumbuka hilo natamani kuwazaba makofi wote wawili, Mungu anisamehe.

Eudocia akabuni dawa yake. Kila asubuhi aliteremka kituoni, akatia vidonge kinywani mbele ya sista, akanywa maji, akafungua mdomo akaguliwe. Vidonge alikuwa amevibana kwenye pengo la magego. Vingine viliyeyuka akavimeza apende asipende, mpaka mkojo wake ukawa rangi ya chungwa. Vilivyobaki alivitema kwenye kitambaa njiani, akampelekea Nélida, naye akavimeza vikiwa vimelowa mate ya mwenzake. Dozi ya mtu mmoja wakaigawana wawili, na kila mmoja akijiona amemtendea mwenzake wema. Jikoni Eudocia alituambia mgongo unamsumbua, akauacha mwiko, kumbe hakutaka sista amkute pale. Alipokaa mbali na kuni kikohozi chake kikaisha. Kumbe chake kilikuwa cha moshi kweli.

Nélida ndiye aliyekonda. Mashavu yakaisha, tukasema ni kunyonyesha.

Halafu Yamir akaacha kucheka. Akakataa ziwa, akapata homa, akawa anatapika kila anachopewa. Mama mkwe akasema mtoto ameshtuliwa na kitu, roho imemtoka, akampitishia yai mwili mzima ili kuirudisha. Walimfanyia hivyo asubuhi na jioni huku shingo ikikakamaa. Macho yalipoanza kupinduka ndipo Eudocia alipomnyakua, wakateremka naye kwa bajaji mpaka hospitali.

Daktari aliuliza jambo moja kabla ya yote: nyumbani kuna mwenye kifua kikuu? Nélida akasema hakuna. Eudocia alikuwa amesimama bega kwa bega naye, na alinyamaza. Walimweka mtoto wodini, wakahangaika naye, wakamkosa; walisema ni kifua kikuu kilichompanda kichwani.

Kwetu mtoto mchanga akifa, mama wa ubatizo ndiye anayemvika. Tulikusanyika mchana kwa Nélida, Yamir amelazwa mezani, Eudocia anamvisha kanzu nyeupe aliyoishona mwenyewe. Sista Irma alikuja kutoa pole. Tukampa kiti, tukampa kahawa, na mimi kwa kuropoka kwangu nikamwuliza kama sasa jiko litafungwa, maana mtoto alikuwa akishinda pale.

Akanitazama kama hakunielewa. "Jiko lifungwe kwa nini? Hatujawahi kufunga jiko. Tungewapima tu, mkafungua madirisha. Na huyu mtoto ningempa dawa ya kinga. Ni ya maji, tamu, watoto wanaipenda."

Mikono ya Eudocia ikasimama kwenye kifungo. Akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa, akakifungua pale mezani kando ya miguu ya mtoto. Vilikuwa vidonge vya asubuhi ile, vimevimba kwa mate.

"Meza, komadre," alisema. "Mbele ya sista."

Nélida aliwatazama mumewe na mama mkwe wake. Kisha akavichukua akavitia mdomoni, akavitafuna vikavu, huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Mama mkwe akarudi nyuma mpaka ukutani.

Sista Irma aliweka kikombe chini. Nilidhani atawagombeza, na laiti angewagombeza. Alimsogelea Nélida akamshika mkono, akamwuliza kwa sauti ya chini ni watoto gani wengine wanaoshinda naye jikoni. Nélida alikuwa bado anatafuna, ikabidi tumjibu sisi. Tukaanza kutaja majina, mmoja baada ya mwingine, na wenyewe walikuwa pale pale, wanacheza chini ya meza.