Siku Mkuu Alipokula Sakafuni

Bwana Wennemar, Mkuu wa Livonia, alikuwa na ngome kumi na saba, vijiji tele na goti moja bovu. Watawa askari wote wa nchi ile, wenye majoho meupe na msalaba mweusi, walikuwa chini yake. Vita atangaze yeye, amani aitafute yeye. Lakini Jumapili ile alisimama mbele ya baraza la ndugu zake kama mwizi wa kuku, kwa sababu alikuwa ameisema vibaya supu ya njegere.

"Ulisema ni tope," alisema Ndugu Detlef, mpishi, mikono ameifumbata kifuani.

"Nilisema inafanana na tope."

"Ukaongeza kwamba nguruwe angeikataa."

Ndugu wakakohoa ili wasicheke. Kanuni ilijulikana: anayedharau chakula cha nyumba au kukiharibu hula sakafuni siku tatu, na mbwa akija kwenye bakuli lake hana ruhusa ya kumfukuza. Kwa miaka tisa Wennemar alikuwa amewahukumu wenzake kwa kanuni hiyo bila kupepesa jicho. Mkuki kwa nguruwe, ndugu yangu.

"Jamani," alisihi, "mchana huu wanakuja Askofu na mzee wa mji. Ni mara ya tano sasa. Wasipopatana leo juu ya nani ashike lango la daraja, kesho watu wao watauana, na damu hiyo itakuwa juu yangu. Naombeni nianze adhabu kesho."

Detlef hakucheka. "Mwaka jana baba yangu alitembea siku mbili kuja kuniona. Nilikuwa nimeunguza mkate. Nikakuomba nianze adhabu kesho yake. Ulinijibu nini, Bwana Mkuu?"

Wennemar alikumbuka vizuri, na alitamani asingekumbuka. "Nilisema kanuni haijui wageni."

"Mzee alinikuta chini, nakula na mbwa. Akadhani ndivyo mnavyonifuga hapa. Alilia, akarudi zake bila hata kuonja bia."

Safari hii hakuna aliyekohoa. Mikono ikainuliwa kuipitisha adhabu, na wa mwisho kuinuka ulikuwa wa Wennemar mwenyewe.

Mikutano minne ya nyuma haikuwahi hata kufika kwenye neno "daraja". Yote ilivunjikia mezani, kwa kugombea kiti cha kulia kwa Mkuu. Askofu Ludolf alisema ni cha Kanisa. Hinrik, mzee wa mji, akasema yeye hakai kushoto kwa mtu anayenywa maji kwenye kisima cha mji. Fahali wawili zizi moja, na Wennemar katikati akihamisha viti hadi goti likavimba.

Saa sita wakaingia, kila mmoja akimkanyaga mwenzake mlangoni. Wakamkuta Mkuu wa Livonia amekaa kwenye majani makavu, miguu ameinyoosha, na bakuli la samaki wa chumvi mapajani. Kulia kwake alikaa mbwa mkubwa wa kijivu, amemtumbulia macho yule samaki.

"Umeanguka?" aliuliza Askofu.

"Nimeadhibiwa, Baba Askofu. Ni habari ya supu."

Wageni wakavitazama viti. Kukaa juu wakati mwenyeji yuko chini kungekuwa kama kumwekea miguu usoni. Askofu akakusanya joho lake, akashuka taratibu. "Basi mfukuze huyo mbwa, nikae kulia kwako."

"Sina ruhusa."

"Nimfukuze mimi?"

"Thubutu!" alifoka Hinrik. "Kaka mbwa amewahi. Afadhali akae yeye kuliko wewe."

"Na mimi naona heri yeye kuliko wewe!"

Wakatazamana. Tangu wazaliwe hawajawahi kukubaliana, na sasa wamekubaliana juu ya mbwa. Wakaketi wote wawili mbele ya Mkuu, magoti yakigusana, wakaletewa nao mabakuli ya samaki. Kabla Askofu hajamaliza kuombea chakula, samaki wake alishaondoka na yule wa kijivu. Hinrik alicheka hadi machozi, kisha akamkatia Askofu nusu ya samaki wake. Mtu uliyemlisha ni vigumu kumrushia mshale. Jua halijashuka sana, wakaafikiana: mji utafungua lango asubuhi, watu wa Askofu watalifunga jioni. Mihuri ikapigwa palepale sakafuni.

Wageni walipoondoka, Detlef alikuja kuchukua mabakuli. Wennemar alikuwa bado amekaa.

"Baba yako mzima?"

"Mzima, Bwana Mkuu. Ila hajarudi tena huku."

"Nimebakiza siku mbili. Kwa farasi atafika keshokutwa?"

"Akipata farasi, atafika."

"Chukua wangu, ukamlete. Wewe utakaa mezani naye, mle, mnywe bia. Aone anayekaa chini hapa ni nani."

Detlef aliyashika mabakuli kifuani. Kisha akauliza, "Na mbwa?"

"Mbwa naye abaki," alisema Wennemar. "Kaka yule ana cheo."